Vipimo vya Homoni na Picha za Tiba kwa Binti Anayebalehe: Yampasayo Mzazi Kuyajua Kabla ya Kulipa

Maelezo yaliyotolewa kwa wazazi, walezi na walimu, Tengeru, Halmashauri ya Wilaya ya Meru



Nawashukuru kwa kuacha shughuli za shamba na soko ili tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa desturi zetu huzungumzwa na bibi au shangazi, tena kwa sauti ya chini. Sikuja kuchukua nafasi yao. Nimekuja kama mtumishi wa umma anayeshughulika na haki za mtumiaji wa huduma, kwa kuwa balehe ya mabinti zetu imekuwa pia jambo la kununua na kuuza. Zamani binti akiota matiti mapema, mama alimweleza bibi, na bibi akasema tungoje. Siku hizi mama huelekezwa maabara, huandikiwa orodha ya vipimo, hulipa, kisha hurudi nyumbani na karatasi yenye herufi na tarakimu ambazo hakuna aliyemfafanulia. Fedha imetoka na hofu imebaki palepale.

Sisemi kwamba vipimo hivyo havina maana. Kwa binti anayevihitaji, vinaweza kuokoa kimo chake, uzazi wake, na mara chache uhai wake. Ninachosema ni kwamba thamani ya kipimo hutegemea swali lililokitangulia. Kipimo kisicho na swali ni gharama tu.

Basi tuanze na umri. Kwa wasichana wengi balehe huanza kati ya miaka 8 na 13, na dalili ya kwanza kwa kawaida ni titi kuchomoza. Mara nyingi huanza upande mmoja, likawa gumu kama kitufe na lenye maumivu kidogo. Wazazi wengi hudhani ni uvimbe. Nywele za siri hufuata au hutangulia kidogo, kimo hupanda kwa kasi, na hedhi ya kwanza huja kiasi cha miaka miwili au miwili na nusu baada ya matiti kuanza. Mtu wa Meru hahitaji kufundishwa kwamba mkungu wa ndizi haukomai vidole vyote siku moja. Hatua hizi zilipangwa kwa utaratibu wa kitabibu na madaktari William Marshall na James Tanner wa Uingereza katika andiko lao la mwaka 1969, na mpaka leo daktari anaposema binti yuko «hatua ya pili» au «ya tatu», anatumia mpango huo.

Tunasema balehe imewahi pale matiti yanapoanza kabla ya miaka 8. Tunasema imechelewa pale ambapo miaka 13 imetimia bila titi lolote, au miaka 15 imetimia bila hedhi. Kati ya mipaka hiyo, binti mwenye afya njema ambaye mabadiliko yake yanakwenda kwa mfuatano wa kawaida hahitaji kipimo cha homoni wala picha. Tafadhali likumbukeni hilo mbele ya dirisha la malipo.

Kipimo cha kwanza, na ambacho watu hukidharau kwa sababu ni rahisi, ni kimo. Msimamishe binti ukutani bila viatu, weka alama, andika tarehe; rudia baada ya miezi sita. Mtoto ambaye hajaanza balehe hurefuka kiasi cha sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Akianza balehe mwendo huongezeka, na wengine hufikia sentimita 8 au zaidi. Daktari akiletewa alama mbili au tatu za namna hiyo, pamoja na kadi ya kliniki ya utotoni na kimo cha baba na mama, amepata habari ambayo hakuna damu itakayompa. Walimu mliopo mnaweza kutusaidia sana hapa: ukuta wa darasa na futi moja ya fundi cherehani vinatosha.

Sasa tuje kwenye damu, maana hapa ndipo wengi hupotea.

Mwili hauanzi balehe matitini bali ubongoni. Sehemu ndogo ya chini ya ubongo, haipothalamasi, huanza kutoa kichocheo kwa vipindi, kama mtu anayebisha hodi, mwanzoni usiku tu wakati binti amelala. Tezi ya pituitari iliyo jirani huitikia kwa kutoa homoni mbili zinazojulikana kwa vifupisho LH na FSH. Hizo husafiri kwa damu hadi kwenye ovari, nazo ovari hutoa estrojeni, ambayo aina yake kuu huitwa estradioli. Estrojeni ndiyo inayokuza matiti, kupanua mji wa mimba na kuharakisha mifupa.

Kutokana na mpangilio huo, mtaona kwamba swali la daktari kwa binti aliyeota matiti akiwa na miaka 6 ni hili: je, amri imetoka ubongoni, au estrojeni imetoka mahali pengine? Kinachojibu swali hilo vizuri zaidi ni LH. Kwa mtoto ambaye hajaanza balehe, LH huwa chini mno, kwa kawaida chini ya yuniti 0.1 kwa lita. Ikizidi kiasi cha 0.3 katika damu iliyotolewa asubuhi, kuna dalili kwamba balehe ya ubongoni imeanza. FSH haitenganishi vizuri hali hizo mbili. Estradioli nayo ina udhaifu wake: kwa watoto ipo kwa kiasi kidogo sana, na mashine nyingi za maabara zimetengenezwa kupima wanawake wazima. Jibu la chini la estradioli haliondoi uwezekano wa balehe.

Hapo pana maswali mawili ambayo mzazi ana haki ya kuyauliza kabla sindano haijaingia. La kwanza: je, mashine yenu inaweza kupima LH ya chini kiasi gani? Kama mtaalamu atajibu kwamba kipimo chao huanzia yuniti 1, basi kwa mtoto wa miaka 6 karatasi itasomeka «chini ya 1», na jibu hilo halitamsaidia daktari hata kidogo. La pili: je, viwango vya kulinganishia mtakavyoandika ni vya watoto? Maabara nyingi huchapa viwango vya mwanamke mzima, vilivyogawanywa kwa siku za mzunguko wa hedhi. Mama anayesoma karatasi hiyo huona jibu la mwanawe liko chini ya kiwango, anadhani binti hatazaa, naye mtoto yuko darasa la pili. Hofu hiyo ingeepukwa kwa mstari mmoja wa maelezo.

Muda pia una maana. Damu itolewe asubuhi, kwa kuwa homoni hizi hupanda usiku. Kama kipimo kitarudiwa, kirudiwe katika maabara ileile, kwa mashine ileile, kwani majibu ya mashine mbili hayalinganishwi kirahisi. Angalieni na vipimo vya uzito: estradioli huandikwa kwa pikogramu katika maabara moja na kwa pikomoli katika nyingine, na tarakimu ya pili huwa karibu mara 3.7 ya ile ya kwanza ingawa homoni ni ileile. Nimesikia watu wakisema homoni za mtoto «zimepanda mara tatu», kumbe maabara tu imebadilika.

Jambo jingine lisilojulikana na wengi ni vidonge vya nywele na kucha. Vingi vina vitamini iitwayo biotini, na biotini kwa kiasi kikubwa huvuruga baadhi ya vipimo vya homoni, ikashusha au kupandisha jibu kwa uongo. Binti akiwa anavitumia, mwambieni daktari, naye atawaelekeza siku za kusimamisha kabla ya kutoa damu. Vilevile mwambieni kama nyumbani kuna mtu anayetumia krimu au jeli ya homoni, kwa maana mtoto anaweza kuipata kwa kugusana ngozi. Na vipodozi visivyo na lebo inayoeleweka visikaribie ngozi ya mtoto kwa sababu yoyote ile.

Wakati mwingine LH ya asubuhi haitoi jibu lililo wazi. Hapo daktari bingwa hufanya jaribio la kuchochea: binti hudungwa dawa inayofanana na kile kichocheo cha ubongoni, kisha damu hutolewa mara kadhaa ndani ya saa moja au mbili. LH ikipanda kupita yuniti 5, kwa kawaida huhesabiwa kwamba balehe ya ubongoni imeanza. Hili si jaribio la kufanywa dukani wala katika maabara ya mtaani. Lifanyike hospitalini, likiwa limeagizwa na daktari atakayesoma jibu lake mwenyewe.

Kuhusu kuku wa kisasa nitasema kidogo tu, kwa sababu najua swali lipo midomoni. Kuku hao hukua haraka kutokana na uchaguzi wa mbegu kwa miaka mingi na chakula kilichopangwa vizuri. Msinunue kipimo cha homoni kwa sababu mtoto amekula paja la kuku. Uzito uliozidi, kwa upande mwingine, unahusiana kweli na balehe ya mapema, na mtoto mnene anaweza kuonekana ana matiti kumbe ni mafuta. Mkono wa daktari hutambua tofauti hiyo bila malipo ya ziada.

Nije kwenye picha.

Ya kwanza ni eksirei ya mkono wa kushoto, kuanzia vidole hadi kifundo. Daktari hatafuti mfupa uliovunjika. Anatazama sehemu za gegedu zilizo karibu na ncha za mifupa, ambazo hufunga kadiri estrojeni inavyofanya kazi, na kutokana nazo anakadiria umri wa mifupa. Binti wa miaka 7 mwenye mifupa ya miaka 10 anatumia akiba yake ya urefu upesi. Huyu ndiye mtoto ambaye darasa la pili ni mrefu kuliko wenzake wote, na kidato cha pili wote wamempita. Kwa huyo, dawa ya kusimamisha balehe, ambayo hudungwa kila mwezi au kila miezi mitatu, huweza kumrudishia muda wake wa kukua. Kwa yule ambaye mifupa yake inalingana na miaka yake, dawa hiyo mara nyingi haihitajiki, nayo si ya bei ndogo.

Mionzi ya picha moja ya mkono ni kidogo sana, haizidi ile ya asili tunayoipata sote kwa saa chache tu kutoka ardhini na angani. Hata hivyo mashine yoyote ya eksirei hapa nchini inapaswa kuwa na leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, chini ya Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003. Tume hiyo iko jirani zetu, Njiro, Arusha. Mzazi akitilia shaka mashine, aombe kuonyeshwa cheti. Na mama mjamzito asiingie chumbani kumshika mtoto. Aingie baba au ndugu mwingine.

Lakini picha hii nayo ina mipaka yake. Kitabu kinachotumika zaidi kulinganishia, cha Greulich na Pyle, kilitoka mwaka 1950 na toleo lake la pili mwaka 1959, nacho kilitokana na picha za watoto wa Kizungu wa familia zenye nafasi mjini Cleveland, Marekani, katika miaka ya 1930 na mwanzoni mwa 1940. Mtoto wa Akheri au wa Poli hakuwamo. Madaktari wanalijua hilo na huacha nafasi ya mwaka mmoja au zaidi kila upande. Tena, sisi tunaoishi kwenye miteremko ya Mlima Meru tunakunywa maji yenye floraidi nyingi kwa asili, ile inayotia meno rangi ya kahawia na, ikizidi sana, kudhuru mifupa. Msomaji wa picha aelezwe mtoto amekulia wapi na maji yake hutoka wapi.

Kwa sababu hiyo natamka wazi: umri wa mifupa si tarehe ya kuzaliwa. Wapo wanaotaka eksirei ithibitishe kwamba binti «amekomaa», ama kwa ajili ya kumwandikisha, ama kwa ajili ya kumwoza. Picha haiwezi kazi hiyo, na balehe si ruhusa ya ndoa. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani iliuthibitisha uamuzi huo mwaka 2019.

Picha ya pili ni altrasaundi ya nyonga. Haina mionzi. Binti hunywa maji hadi kibofu kijae, kisha kifaa hupitishwa juu ya tumbo. Mtaalamu hupima urefu na umbo la mji wa mimba. Kwa mtoto mdogo huwa mwembamba kama bomba, na estrojeni ikifanya kazi hupanuka sehemu ya juu na urefu wake hupita sentimita 3.5 au 4. Huangalia pia ukubwa wa ovari na kama kuna uvimbe unaotoa estrojeni wenyewe. Binti akifika bila kibofu kujaa, picha haitaonekana vizuri na mtalipa mara mbili. Mpeni maji njiani.

Kipimo hiki kwa mtoto hufanywa juu ya tumbo. Hakuna sababu ya kuingiza kifaa ukeni kwa binti mdogo, na mzazi ana haki ya kukataa na kuuliza. Mama, shangazi au muuguzi wa kike abaki chumbani muda wote. Wala altrasaundi haielezi kama binti ni bikira. Hakuna kipimo cha kitabibu kinachoweza kueleza hilo. Shirika la Afya Duniani lilitaka vipimo vya namna hiyo vikomeshwe mwaka 2018. Anayeuza huduma hiyo anauza udanganyifu.

Picha ya tatu ni MRI ya ubongo, mashine ya usumaku isiyo na mionzi. Hii huhitajika hasa balehe ya ubongoni inapoanza kabla ya miaka 6, au pale ambapo binti ana maumivu ya kichwa yasiyokoma, kutapika, au macho kupoteza nuru. Ni ghali, mashine ziko katika hospitali chache kubwa, na mtoto mdogo huenda akahitaji dawa ya usingizi. Ndiyo maana huja mwishoni, baada ya LH kujibu. Ukiandikiwa MRI kabla ya kipimo cha damu, na hakuna dalili yoyote ya hatari, uliza sababu.

Zipo hali ambazo hazingoji miezi sita ya kupima kimo. Binti mdogo akitokwa damu ukeni bila kuwa na matiti, apelekwe hospitali siku ileile. Inaweza kuwa kitu kilichoingia, jeraha, au mtoto amefanyiwa ukatili. Kwa hilo la mwisho, hospitali na Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi ndiko pa kwenda, na namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto hupigwa bila malipo.

Kwa binti aliyechelewa, mambo hugeuka. Hapo FSH ndiyo yenye thamani: ikiwa juu sana, ina maana ubongo unaita na ovari haziitiki, na moja ya sababu ni hali ya Turner, ambayo humpata takriban msichana mmoja kati ya 2,500. Binti huyo mara nyingi huwa mfupi tangu utotoni. Ikiwa chini, daktari atatafuta ugonjwa wa muda mrefu, lishe duni, au tezi ya shingo, au ataona tu kwamba ni familia inayochelewa. Mama aseme yeye mwenyewe alivunja ungo mwaka gani.

Njia ya kufuata ni hii. Anzeni zahanati au kituo cha afya, kisha Hospitali ya Wilaya hapa Patandi, kutoka hapo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru, na ikibidi KCMC Moshi. Madaktari bingwa wa homoni za watoto ni wachache, ingawa tangu mwaka 2008 kuna kituo cha kuwafundisha jijini Nairobi kilichowapokea Watanzania pia. Barua ya rufaa yenye alama za kimo hufupisha safari. Wenye bima waulize kwanza kipimo kipi kinalipiwa na kwa masharti gani.

Vifurushi vya «kuangalia homoni zote» vinavyotangazwa kwenye simu, msivinunue bila daktari. Maabara binafsi lazima iwe imesajiliwa na Bodi ya Maabara Binafsi za Afya. Vitendanishi na vifaa tiba husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Na tangazo la kupotosha hupelekwa Tume ya Ushindani. Daini risiti ya mashine yenye jina la kila kipimo, nakala ya majibu, na picha zenyewe kwenye filamu au diski pamoja na maelezo ya msomaji. Majibu hayo ni siri ya mtoto, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaihesabu habari ya afya kuwa taarifa nyeti, kwa hiyo karatasi ya homoni za binti isipigwe picha na kurushwa katika kundi la ukoo ili wajomba watoe maoni.

Mwisho, binti mwenyewe aelezwe kabla ya kufika hospitali: nani atamgusa, wapi, kwa nini, na kwamba anaweza kusema asubiri kidogo. Nitabaki hapa kwa maswali. Wenye karatasi za majibu mkononi waje mmoja mmoja, kando.